Ufunguo wa Shosho Wangari

Nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, mwanangu, tulipokuwa tunafungua kanisa letu la Kilutheri hapa Nanyuki, lile la mawe. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye mwandiko mzuri na maringo kidogo. Nilipewa kazi ya kuandika historia ya usharika na kuisoma nje, mbele ya askofu, kabla ya mlango kufunguliwa.

Sasa, ibada zetu za kwanza zilifanyika jikoni kwa Shosho Wangari, bibi kizee mjane aliyekuwa akipika pombe ya muratina. Jumapili alisogeza mitungi ya pombe kando, tukaimba. Mimi mwenyewe nilibatizwa pale nikiwa na miaka kumi, kwa maji ya kibuyu chake. Wazee wa kanisa waliniambia hayo yasisomwe, wageni wangetucheka. Niandike tu, "nyumbani kwa muumini mmoja." Nikaandika. Na nisikudanganye, haya hiyo haikuwa ya wazee peke yao. Nami niliiona.

Nilipomaliza kusoma, mwenyekiti alimwomba Shosho ufunguo, maana ndiye aliyefagia kanisa na ufunguo ulilala kwake. Hakuutoa. Alinitazama mimi.

"Mimi niko na jina," alisema. "Hiyo pombe nilipika, na Mungu alinipata hapo hapo. Wewe unaona haya ya nini? Soma tena. Ukifika kwa jikoni yangu, nitafungua."

Mzee mmoja alinong'ona kwamba tunamchelewesha askofu. Shosho akaketi kwenye ngazi, ufunguo mapajani. Askofu naye akaketi kando yake, akaniashiria nianze.

Niliikunja ile karatasi, maana ilikuwa ya uongo, nikasema kwa kichwa. Nilitaja mitungi, nikataja muratina, nikamtaja Wangari kwa jina lake na kibuyu kilichonibatiza. Shosho aliinuka akafungua mlango mwenyewe.

Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa. Watakuja watu wa suti wakuambie ufute jikoni ulikotoka. Kataa. Kataa kwa adabu, lakini kataa. Na kama umeshafuta jina la mtu, rudi ulitaje mbele ya watu wale wale.

Mungu akufungulie milango, mwanangu. Na siku utakayodanganya, akuwekee mlangoni shosho asiyetoa ufunguo.