Siku Niliyoona Haya Kuosha Makaa

Aibu nyingine huzeeka zikasahaulika, lakini hii yangu bado nikipita sokoni Garsen kuna mtu ataniita "Dada Makaa", kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu watatu na sufuria ya mama ya kutia rangi milala ya kusukia mikeka (wateja siku hizi wanataka nyekundu na zambarau tu). Sufuria hiyo ndiyo inayotulisha. Tatizo lilikuwa maji ya rangi, nilikuwa nikiyamwaga mtaroni, yakashuka mpaka kidimbwi wanachonywea ndama wa Mzee Dube, naye akaja, fimbo begani.

"Binti, maji yako iko rangi kama soda. Ndama yangu hana sikukuu."

Akamwita bwana afya. Bwana afya akasema atarudi Jumatano, na maji yakitoka na rangi, kazi yangu basi.

Sikulala vizuri. Nikakumbuka mafunzo ya akina mama tuliyowahi kupewa ya kuchuja maji machafu: pipa, kokoto, mchanga, na makaa ya vifuu vya nazi yaliyopondwa, kwa sababu makaa hunasa rangi. Mkufunzi alirudia mara tatu, "Osheni makaa kwanza, mpaka vumbi liishe." Basi Jumanne nikakaa uani na karai langu, nikaanza kuosha, na jirani yangu Mama Habona akachungulia juu ya ua.

"Jamani njooni! Jua limemwingia kichwani, anaosha makaa! Mwanangu, ukimaliza uyapake na mafuta!"

Wakaja watano, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikaona haya (mimi niliyezika wazazi bila kuyumba, nikashindwa na kicheko), nikayamwaga makaa pipani hivyo hivyo na vumbi lake.

Jumatano ua ulijaa watu. Mimi nikiogopa husema sana, nikajisikia nikitangaza, "Maji haya yatatoka safi, nitanawa uso mbele yenu!" Nikamimina maji mekundu juu ya pipa, nikasubiri yatiririke chini kwenye ndoo, na macho yangu yote yalikuwa kwenye kalamu ya bwana afya, sikuitazama ndoo hata kidogo, nikachota kwa viganja viwili, nikanawa, nikasugua mpaka masikioni.

Watu wote wakanikodolea macho. Nikadhani ni heshima.

Mzee Dube akasogea, akanitazama vizuri. "Binti, rangi imetoka kweli. Nyekundu yote imeisha. Sasa iko nyeusi."

Mdogo wangu Hawa alikuwa analia, sijui kwa huzuni au kwa kicheko. Bwana afya akafunga daftari, akanipa mpaka Ijumaa.

Niliyatoa makaa yote pipani, nikayaosha pale pale mbele yao, uso wangu ukiwa bado mweusi, karai baada ya karai, mpaka jioni. Ijumaa maji yakatoka meupe. Bwana afya akaandika niendelee, nisikose kubadilisha makaa. Mzee Dube akainamia ndoo muda mrefu. "Hii sawa. Lakini ndama yangu hanywi. Anza wewe."

Sikuanza, na yeye hakunilazimisha. Siku hizi maji hayo nayarudisha kwenye sufuria, nalowekea milala mingine, na makaa nayaosha mbele ya nyumba, mchana kweupe. Anayecheka namwambia alete sabuni.