Pikipiki Juu ya Kinu

Grisi mpya ina harufu yake, nzito na tamu kidogo, na mwezi uliopita ilinikamata mlangoni mwa duka moja hapa Kindu kabla sijasalimia mtu. Nilikwenda kutafuta jeki ya kuinulia pikipiki. Mimi ni fundi, karakana yangu iko uani nyumbani kwangu Alunguli, na mgongo wangu umechoka kuinamia injini. Mwenye duka, mfanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa nazo mbili: moja ya kukanyaga kwa mguu, inayoinuka kwa nguvu za mafuta, na nyingine ya kuzungusha kwa mkono. Akaanza kuzisifia kwa kilo. Nikamuuliza zinashuka kwa muda gani.

"Kushuka?" Alicheka. "Mama, wengine wote wanaulizaka kama inapandisha kilo ngapi. Weye njo wa kwanza kuuliza kushuka."

Sikucheka naye. Ninyi nitawaambia nilichomficha yeye.

Baba yangu pia alikuwa fundi, na jeki yake ilikuwa kinu cha bibi. Alikipindua, akakiweka chini ya injini, akaitegemeza pikipiki kwa miti miwili isianguke. Mama alinung'unika, kwani ilimbidi kutwangia sombe, majani ya muhogo, kwa jirani na kusikiliza umbea wa huyo jirani mpaka majani yalainike. Pikipiki ya mteja ilipanda asubuhi, jioni ikashuka, kinu kikaoshwa na kurudishwa jikoni kikinuka petroli. Sombe ya kwetu ilikuwa na ladha yake.

Vita vilipofika, baba aliipandisha pikipiki yake mwenyewe juu ya kinu, akatoa gurudumu la mbele na kulisukuma chini ya kitanda, na haikushuka tena. Watu wenye bunduki walikuwa wanachukua kila kinachotembea. Jirani yetu mmoja alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa juu ya pikipiki yake, na hatukumwona tena, yeye wala pikipiki. Sisi watoto baba alituambia kuwa yetu imekufa, iko panne, na vipuri vyake, mapiesi, haviko Kindu, viko Bukavu. Nilikuwa na miaka saba, na baba hakuwa mtu wa kunidanganya. Kwa hiyo siku wale watu walipoingia uani, mmoja akagonga tangi kwa kitako cha bunduki na kuuliza ina nini, mimi ndiye niliyejibu.

"Iko panne, mukubwa. Mapiesi yake iko Bukavu."

Wakacheka, wakachukua kuku wawili, wakaenda zao. Baba alinibeba mabegani siku nzima. Niliusema uongo ule vizuri kwa sababu sikujua kuwa ni uongo.

Msimu wa karanga dada yangu Zaina aliumwa na nyoka shambani. Alikuwa na miaka kumi na moja, na alipokuwa akinisuka alizoea kunivuta nywele mpaka machozi yanitoke. Walimleta asubuhi, mguu umeshaanza kuvimba. Zahanati yenye dawa ilikuwa mbali, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mama hakulia. Alimwangalia baba tu.

"Teremusha pikipiki."

Baba akatazama chini.

"Papa Zaina, teremusha pikipiki. Mutoto anakufa!"

Nilidhani mama amechanganyikiwa, nikamhurumia. Nikamshika kitenge, nikamweleza taratibu kama mtu mzima: "Mama, mapiesi iko Bukavu."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Baba alimfunga Zaina mgongoni kwa kitenge cha mama, akatoka mbio. Alikuwa na nguvu na alikimbia kweli, hilo sitamnyima. Alirudi jioni, amemfunga vilevile, anatembea polepole.

Mapigano yalipotulia mjini, baba alilitoa gurudumu chini ya kitanda. Kulifunga hakukuchukua muda hata wa kuchemsha chai. Akamimina petroli aliyokuwa ameificha kwenye kidumu, akaishusha pikipiki, akapiga kiki mara moja, ikawaka. Hakuna kipuri chochote kilichotoka Bukavu. Mimi nilipiga makofi, nikaruka, nikamwita mama aje aone. Mama aliingia ndani na kufunga mlango.

Tangu hapo nimefunga magurudumu ya mbele mengi sana, na najua kazi yake ni ya muda gani. Najua pia baba aliogopa nini: kizuizi, bunduki, na sisi tuliobaki tungekula nini baada ya hapo. Huenda wangemuua njiani na Zaina angekufa vilevile. Nayajua yote hayo, nami nina watoto sasa, lakini hasira yangu kwake haijaisha, na yeye yuko kaburini.

Pale dukani nilichukua ile jeki ya mafuta. Ukifungua valvu yake, pikipiki inafika chini kabla hujavuta pumzi ya pili. Mwenye duka aliifunga kwa kamba huku akiendelea kuzisifia kilo zake.

Pikipiki ya baba ndiyo iliyotulea. Alikwenda nayo Kibombo, akarudi na mchele, na mama aliupika vizuri, akampakulia baba, akatupakulia sisi, kisha akajichomea muhogo wake pembeni. Tulipomuuliza, alijibu, "Tumbo yangu haipendake muchele." Mchele ulioletwa na pikipiki ile hakuugusa, na alijibu hivyo miaka yote, mpaka baba alipokufa. Mimi nilimwamini, kama nilivyomwamini baba. Kila jioni nilikaa karibu naye, kwani fungu lake la wali alinisogezea mimi, na nilifurahi sana kuwa na mama asiyependa wali.