Picha Moja Tu, na Harrison Katikati

Ni Alhamisi, saa tano asubuhi, na mtaa mzima wa Azaiba, Maskati, unataka kanzu ya Ijumaa.

Ndani ya duka la dobi kando ya barabara kuu, Nyambura anashusha pasi ya mvuke kwenye kola, anainua, anageuza, anashusha tena. Hii ni kanzu ya arobaini na moja tangu aanze kazi leo. Feni ipo, lakini inachofanya ni kuhamisha joto kutoka kona hii kwenda ile. Mteja mmoja ameandika kwenye karatasi kwamba anataka kanji nyingi mikononi na kidogo kifuani. Nyambura anaisoma mara mbili, anasonya, kisha anaikaza mikono kama alivyoagizwa.

"Hawa wa kanzu angalau wanajua wanachotaka," anasema. "Walionichosha mimi ni watu wa fomu."

Fomu yenyewe imo kwenye simu yake, kwenye rafu chini ya meza ya pasi. Imetoka Kanada. Maureen, muuguzi katika kliniki moja hapa Maskati, amepata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee katika jimbo la Saskatchewan, jina ambalo Nyambura amelifanyia mazoezi wiki mbili na bado linamshinda. Maureen anaruhusiwa kwenda na mwenzi wake, na huko hawajali kama mwenzi ni mwanamume au mwanamke. Mwenzi wake ni Nyambura. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba wameishi pamoja mwaka mmoja au zaidi.

Wameishi pamoja miaka sita. Ushahidi hawana, kwa sababu miaka yote hiyo wamehangaika usiku na mchana usiwepo.

Majina katika simulizi hii yamebadilishwa, na dobi za Azaiba ni nyingi, kwa hiyo asijisumbue mtu kumtafuta. Mapenzi ya watu wa jinsia moja ni kosa la jinai Oman, na Kenya walikotoka sheria nayo haina sura njema kwao.

Nyambura ana miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Nyahururu. Alikuja kufanya kazi za ndani, na mkataba ulipokwisha akaingia kwenye udobi, ambao leo unampa rial mia na thelathini kwa mwezi. Maureen alikutana naye kanisani, kwenye foleni ya chai.

"Aliniuliza kama hiyo foleni ni ya chai ama ya kuombewa," anakumbuka. "Nikamwambia simama tu, yoyote itakusaidia."

Walipata chumba Wadi Kabir, ghorofani kwa Bi Masouda, mwanamke wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Siku ya kwanza mama huyo aliwauliza wao ni nani kwa nani.

"Nikasikia mdomo wangu unasema, huyu ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja," anasema Nyambura, na kujifunika uso kwa kanzu aliyoishika.

Maureen ni Mjaluo wa Siaya. Anampita Nyambura kwa kichwa kizima, na Kikuyu hajui hata salamu. Bi Masouda aliamini papo hapo, na tangu siku hiyo humwombea dua baba yao wa pamoja, mtu ambaye hajapata kuzaliwa.

Mengine yalifuata. Mkataba wa chumba uko kwa jina la Nyambura peke yake. Benki, kila mtu na yake. Zawadi za siku ya kuzaliwa zilitolewa bila kadi.

"Kila Ijumaa tulikuwa tunakaa chini kufuta meseji," anasema. "Kila mtu na simu yake, kama watu wanachambua mchele. Sasa mtu wa Kanada ananiuliza meseji za mwaka juzi ziko wapi. Nimwambie nini?"

Picha wanayo moja. Ilipigwa Bandari ya Sultan Qaboos, meli ya watalii ikiwa nyuma yao. Ili asije mtu akafikiria vibaya, walimsihi Harrison, Mkenya mwenzao, asimame katikati. Harrison alisimama kwa moyo wote, akawakumbatia mabega, akacheka.

"Ukiiangalia hiyo picha, utasema Harrison ana wake wawili," anasema Nyambura. Yeye hacheki.

Mwezi uliopita wakamwomba Bi Masouda barua ya kuthibitisha kwamba wamekaa kwake miaka sita. Mama alifurahi, akamwita mkwewe aichape kwa Kiingereza, akatia sahihi. Nyambura aliisomea kwenye ngazi, akairudia tangu mwanzo. Barua ilieleza kwamba wawili hao ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo karatasi pekee waliyokuwa nayo, na ilikuwa inathibitisha kwamba hawawezi kuwa wenzi popote duniani.

Wakarudi kumwomba aliondoe neno ndugu.

"Niliondoe?" aliuliza Bi Masouda. "Kwani mshagombana?"

"Hapana, mama. Fomu inataka maneno machache tu."

"Fomu gani hiyo isotaka udugu? Mie nnawajua, mwanangu. Hebu kaeni kitako mpatane."

Akawapikia wali na samaki wa kukaanga, akawakalisha mkekani, na hakuwaruhusu kunawa mpaka wameombana radhi.

"Nikamwomba Maureen msamaha," anasema Nyambura. "Kwa kosa gani, sijui. Akanisamehe. Nilitaka kulia kwa hasira, na samaki alikuwa mtamu."

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetazama. Nyambura anageuza kola ya sare nyeupe iliyo mezani na kuonyesha namba iliyoandikwa kwa wino usiotoka: 318. Dobi huweka namba moja kwa nyumba moja, nguo zisichanganyike. Tangu mwaka wa kwanza, Nyambura amekuwa akileta hapa sare za Maureen, magauni yake mwenyewe na shuka zao, kwa namba hiyo hiyo. Katika yote waliyoficha, hili walilisahau.

Thabit, msimamizi wa kaunta, alizitoa kumbukumbu zote kwenye kompyuta: majina mawili, anwani moja ya Wadi Kabir, miaka sita, kurasa kumi na moja. Akapiga mhuri kila ukurasa.

"Hakuuliza ni za nini," anasema Nyambura. "Nilipoanza kujieleza, akaniambia, 'Mie nnaandika nyumba, siandiki ukoo.'"

Kurasa hizo zimetumwa. Majibu huenda yakachukua miezi, na kazi inamsubiri Maureen hadi Januari tu. Nyambura akinyimwa viza, Maureen anasema haendi. Nyambura anasema lazima aende. Sasa wamegombana kweli, siku ya nne leo, na hili hawawezi kumpelekea Bi Masouda.

Barua ya mama huyo imo ndani ya Biblia ya Nyambura. Hakuweza kuitupa.

Anaitandika sare ya Maureen, anaipiga pasi polepole kuliko kanzu zote za leo, anaining'iniza. Akifika huko Kanada ana mpango gani?

"Picha," anajibu. "Kabla sijavua koti. Mimi na Maureen, na hapo katikati asisimame mtu."