Kichuguu cha Mpakani

Si mhanga, yule mnyama mla mchwa, aliyebomoa kichuguu cha mpakani. Ni mimi. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka arobaini, mbele ya nyanya, mbele ya mwalimu wa shule ya Jumapili, na hata mbele ya mume wangu, ambaye hakuwa ameuliza.

Nisingekiri leo kama kaka yangu hangenipigia simu kutoka nyumbani, nje kidogo ya mji wa Wote. Mpimaji wa ardhi anakuja wiki ijayo, na kaka anataka niende nikaseme kwamba kichuguu kilisimama pale nyanya alipodai. "Wewe ndiye msomi," akaniambia. "Ukisema, wataamini."

Kwetu, rafiki yangu, hakuna kilichoinuka kikakosa jina. Kulikuwa na mlima, ule wa mbali unaojifunika ukungu asubuhi. Kulikuwa na vilima viwili, kikubwa na kidogo; mwinuko wa kisimani, tulioushuka tukiimba na mitungi mitupu na kuupanda kimya; matuta yaliyozuia maji yasitoroke na udongo wetu; na nundu ya fahali wa jirani, ambayo nyanya aliitia kwenye orodha hiyo bila kucheka. Baadaye nilisoma jiografia chuo kikuu, nikafundishwa kuvichora vyote kwa mistari kwenye karatasi, na hadi leo nikipanda ngazi za ofisini napumzika mara mbili. "Kilichoinuka," nyanya alikuwa akisema, "hakiulizwi kiko wapi."

Kichuguu kilikuwa mwisho wa shamba, chekundu, kigumu kama tofali, kirefu kunizidi kidogo. Ndicho kilichotenga shamba letu na la jirani, mjane aliyeazimana na nyanya chumvi na makaa ya moto. Watu wazima walikitazama tu. Sisi watoto tulikipanda. Ukisimama juu yake ukatazama magharibi, kilima kidogo kilikaa katikati kabisa ya kile kikubwa, kama mtoto mgongoni. Ukisogea hatua chache kando, mtoto anaanguka.

Mwaka huo mvua ilichelewa, nami nilikuwa na hamu ya kumbikumbi, wale wa kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Kila mwaka walitoka baada ya mvua ya kwanza. Kwa akili zangu za miaka tisa, sikuona haja ya kuingoja mvua: ningewafuata ndani. Nilichimba alasiri tatu kwa jembe la nyanya, nikapata mchwa wa kuuma na malengelenge. Nyanya alipokuta uharibifu, nikasema ni mhanga. Akaamini. Tena akaubeba udongo wenyewe kwa karai akasiribia sakafu ya jikoni, maana udongo wa kichuguu hautupwi. Mvua ilipofika, ikasawazisha kilichobaki.

Kisha wakaja mwethya, kina mama wanaolimiana kwa zamu, kutuchimbia tuta la mpakani. Lianzie wapi? Nyanya akasimama hapa, jirani akasimama kule, hatua kumi kati yao.

"Kwani umesahau shamba lako?" nyanya akauliza.

"Nisahau mimi? Anayetafuta miwani akiwa ameivaa ni nani?"

Kina mama wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mimi nilikuwa nikipitisha kibuyu cha uji. Nilipofika aliposimama jirani, nikatazama vilima: mtoto alikuwa mgongoni. Nilipofika kwa nyanya, alikuwa ameanguka. Nikamimina uji, nikanyamaza.

Tuta halikuchimbwa. Maji yakapita hapo kila msimu hadi yakachonga korongo. Tangu siku hiyo chumvi yetu ilitoka dukani, na wale marafiki wawili wakawa wa kusalimiana kanisani tu, hadi tulipomzika nyanya.

Siku hizi jiko lile halipo, na mwinuko wa kisimani haupandwi na mtu, maana maji huja kwa bomba yakitaka. Kumbikumbi sijawaonja tangu nilipoolewa. Juu ya kilima kikubwa wamesimamisha mnara wa simu, na ni kwa hisani ya mnara huo kwamba jana, kabla ya kumjibu kaka, nilimpigia jirani.

"Mama," nikasema, "hakuwa mhanga."

Kicheko, kikaishia kwenye kikohozi.

"Mhanga gani anachimba kwa jembe? Alama niliziona siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Waseme namsingizia mtoto ili nipate shamba?" Akavuta pumzi. "Lakini nyanya yako nilimkosa sana, mwanangu. Hata kwa chumvi tu. Kaka yako anajua?"

"Namwambia leo."

"Atakasirika."

"Najua."

"Basi njoo. Siku ya mpimaji usimame pale pale kilipokuwa, hapo vilima vinapobebana." Nikamsikia akicheka tena. "Wala usiogope kwamba hataona mahali. Nasikia siku hizi umenenepa."