Mhoja na Sungusungu wa Damu

Mhoja Mashimba alijaliwa mikono miwili mizuri na mdomo mmoja mbaya. Kwa mikono hiyo amewatoa damu watoto katika maabara ya kituo cha afya cha Igoma kwa miaka kumi na minne, na mshipa wa mtoto mnene huupata kabla mtoto hajamaliza kuvuta pumzi ya kulilia. Mdomo ndio uliomponza. Sheria ya kituo ilikuwa fupi: maabara inapima, daktari anasema. Mhoja alipima, kisha akasema. Mara mbili Dokta Bushra, mganga mfawidhi, alimwonya. Mara ya tatu alimwambia kwa upole wa kutisha, "Mhoja, ukimsomea tena mgonjwa majibu hapo dirishani, nakuhamishia stoo. Huko utaongea na glavu."

Akajitahidi siku sita. Siku ya saba akaja Bibi Sabina na mjukuu wake Shimba, mtoto wa miaka minne mwenye homa ya siku tatu. Kipimo cha malaria kilikuwa kimesema hapana, jambo ambalo bibi alilichukulia kama tusi. Dokta Bushra akamkagua mtoto masikio, koo na kifua, kisha akaandika picha kamili ya damu, kipimo cha kila siku kinachohesabu chembe za damu, aina kwa aina.

Mashine ikahesabu. Mhoja akachungulia karatasi. Chembe nyeupe kwa jumla zimeshuka kidogo. Zile ambazo hupanda bakteria wanapovamia zimetulia. Limfosaiti, chembe nyeupe zinazopambana na virusi, ndizo zilizojaa.

"Ngosha," bibi akaita dirishani, kama Wasukuma wamwitavyo mwanamume, "mbona unatabasamu? Kuna nini humo?"

"Mayu, daktari atakuambia," Mhoja akamjibu, kwa neno la Kisukuma la kumwita mama.

"Daktari ana foleni. Wewe una karatasi."

Mhoja akaubana mdomo. Mdomo ukafunguka wenyewe. "Usiwe na wasiwasi, mayu. Ni virusi tu."

Katika vitabu vya Mhoja, virusi ni ukoo mkubwa wenye mafua, surua na wengine mia. Kwenye benchi la wagonjwa, virusi ni vya aina moja, vile vya Ukimwi, na havifuatwi na neno "tu". Mama mmoja aliyekuwa akimfunga mtoto nepi aliishia upande mmoja.

Bibi Sabina hakulia. Alichomoa simu kifuani. Kwa adabu za Kisukuma, hakuwahi kuzungumza na mkwewe Revocatus, baba wa Shimba, zaidi ya salamu, tena akitazama pembeni. Siku hiyo aliweka spika.

"Revocatus! Mtoto ana virusi. Umevitoa wapi?"

Upande wa pili sauti ikashuka: "Mama... nani kakuambia habari za Nansio?"

"Nansio kuna nini?" likauliza benchi.

Simu ikakatika. Dokta Bushra akatokeza mlangoni. "Nani kataja virusi hapa?"

Vidole kama kumi na viwili vikaelekea dirishani.

Daktari akajaribu kulizima. Akasema siyo virusi hivyo, ni vingine. Kipimo hiki wala hakipimi hivyo mnavyodhani.

"Kumbe hamjapima!" bibi akamaka. "Sasa mnajuaje kama hana?"

Kila neno liliongeza moto. Dokta Bushra ni mtu wa Tanga, na Kisukuma chake huishia kwenye salamu. Hatimaye akageuka. "Mhoja, umelianzisha. Limalize."

Mhoja akatoka, akachuchumaa mbele ya bibi. "Mayu, wakija wezi wa ng'ombe kijijini, nani anatoka kuwafukuza?"

"Sungusungu."

"Basi damu nayo ina sungusungu, na kila aina ya mwizi ina kundi lake. Mashine haikumwona mwizi. Imehesabu sungusungu walioamka. Walioamka kwa Shimba ni wale wanaofukuza virusi vya mafua na ndugu zake."

"Na mwizi mwenyewe mnamchoma sindano gani?"

"Huyu hana sindano. Sungusungu watamchosha."

"Watamchosha? Sisi kwetu Magu tulikuwa tunampiga!"

"Watampiga, mayu, siku mbili tatu. Wewe mpe maji, uji na dawa ya homa. Zile dawa za rangi mbili za kuua bakteria usimnunulie. Hizo zitamkamata asiye mwizi."

"Lakini sungusungu nao hukosea," Dokta Bushra akadakia. "Akishindwa kunywa, akilegea, akipata degedege au akipumua kwa shida, mlete saa hiyo hiyo. Na homa ikiendelea zaidi ya siku mbili kuanzia leo, mrudishe."

Bibi akatafakari. Akapiga simu tena. "Revocatus, mtoto ana mafua. Sasa nieleze Nansio."

Kilikuwa kiwanja alichonunua huko kwa siri, si mke, ila maelezo yake yalichukua muda kuliko kipimo.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo Shimba aliletwa akiwa mzima kabisa. Akamng'ata Mhoja kidole, na bibi akaomba radhi huku akicheka.

Dokta Bushra hakusahau onyo lake. Dirisha la maabara lilizibwa kwa ubao, likaachwa tundu la kupitisha chupa ya damu tu. Lakini stoo hakumpeleka. Alimpa somo la afya la asubuhi, lile ambalo manesi wote hulikwepa. Sasa saa mbili kamili Mhoja husimama mbele ya benchi na kuwapanga sungusungu wake, kundi kwa kundi, mwizi kwa mwizi, kwa Kiswahili na Kisukuma, hadi sauti ya mama mmoja imkatize kutoka nyuma:

"Ngosha, tumeelewa! Njoo basi utupime!"