Namba Iliyokataa Kugawanyika

Notburga alianza kufundisha shule ya msingi Matogoro akiwa na miaka kumi na tisa, mmoja wa wale waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo ya haraka. Sekondari hakuiona. Mwaka 1993, akiwa na miaka thelathini na saba, alijiunga na chuo kimoja pale Songea ili apande daraja. Wenzake wengi walikuwa wameshaacha chaki wanauza mitumba sokoni, na mumewe, Beda, alimshauri awafuate. Notburga akasema kwanza afanye mtihani wa chuo.

Swali la tano la hisabati lilidai 100,003 iandikwe kama zao la namba tasa. Notburga akagawa kwa mbili, ikakataa. Kwa tatu, ikakataa. Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, zote zikabakiza. Wenzake waliliruka swali, yeye akashindwa kuliacha. Alikwenda hadi 313, namba tasa ya sitini na tano, akasimama hapo, kwa sababu 317 ikizidishwa kwa yenyewe inaipita namba ile. Akaandika: haina kigawo ila moja na yenyewe, basi ni namba tasa. Muda ukaisha hajagusa maswali mawili ya mwisho.

Karatasi zilirudi. Alikuwa amepungukiwa alama tatu tu kufaulu, na swali la tano lilikuwa na sifuri.

Siku mbili alipalilia mahindi. Siku ya tatu akagawa upya namba zote kwenye daftari, akaenda kwa mkufunzi wa hisabati, Oswald, kijana aliyehamia kutoka Bukoba. Oswald alimwamkia shikamoo, akamweleza kwa upole kwamba mwongozo wa kusahihishia una jibu: mbili iandikwe mara tatu, tatu iandikwe mara tatu, na 463, zote zizidishwe.

"Nakuomba uzizidishe mwenyewe, Mkufunzi," Notburga alisema.

Oswald akatoa kikokotoo, kimoja cha vile vilivyokuwa vimeanza kujaa madukani. Kikaonyesha 100,008. Akarudia, ikatoka ileile. Akaitafuta kabatini stensili, ile karatasi ya nta iliyotumika kuchapia mtihani. Upande wa kushoto wa nane ya mwisho haukukatika vizuri, karatasi zote zikatoka na tatu badala ya nane. Kisha akalivuta daftari la Notburga akalipitia, namba moja baada ya nyingine, hadi 313. Notburga alingoja kwenye benchi, mikono mapajani, akiogopa hata kukohoa.

"Mwalimu," Oswald alisema mwishowe, "wewe peke yako umejibu swali tulilouliza. Waliokosea ni sisi."

Alama nane za swali lile zikaingizwa mbele yake. Alikuwa amefaulu.

Notburga alishukuru, akachukua daftari lake. Alifika nyumbani, akamwambia Beda kwa maneno mawili, akavua viatu, akalala mchana kutwa. Beda hakuwahi kumwona akifanya hivyo. Akaurudishia mlango taratibu, akaenda kuinjika ugali mwenyewe.