Mstari wa Mawe Mtoni Nuu

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Nuu, nikawakuta wanafunzi wamesimama mtoni na madaftari yao, wakinakili jina lililo kwenye ukuta wa saruji. Walikuwa wakijifunza kuhusu wananchi mashuhuri walioijenga nchi. "Mheshimiwa huyu ndiye aliyetuletea maji," mwalimu wao aliwaambia. Rafiki yangu, damu ilinichemka. Kisha nikaona haya, kwa sababu jina lile nililiandika mimi.

Kama hukulelewa kwetu, ngoja nikueleze. Mto wetu hukauka ukabaki mchanga mtupu. Ukijengwa ukuta wa kuukata, mvua ikija mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga huo. Kiangazi unafukua kidogo tu, unateka. Ukuta wetu ulijengwa na akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Walijipanga mstari kutoka kilimani hadi mtoni, wakipokezana mawe mkono kwa mkono huku wakiimba. Sisi watoto tulichota maji ya kukorogea saruji. Harufu yake mbichi ilichanganyika na ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, uliokuwa ukitokota kwenye sufuria kubwa. Aliyechelewa hakusamehewa: "Mwacheni jamani, alikuwa anamkanda bwana miguu!" Mstari mzima ulicheka, na hakuna jiwe lililoanguka.

Ukuta ulipokamilika, fundi aliacha nafasi laini ya kuandika jina. Akina mama walikataa. Katika mwethya hakuna wa kujitanguliza. Ukiandika mmoja umewatukana wengine. "Iache hivyo hivyo," nyanya alisema.

Nafasi ile ndiyo iliyotuponza. Siku moja kabla ya sherehe ya ufunguzi, chifu aliiona, akamwagiza fundi apake saruji mpya, kisha akaulizia mtoto mwenye mwandiko mzuri wa kuandika jina la mheshimiwa, mgeni rasmi. Mwalimu wangu alinisukuma mbele. Nilikuwa na miaka kumi, na tayari nilikuwa mtu wa kufuta sentensi mara tano, nikiogopa nisije nikakosea. Nilipima kila herufi kwa rula, nikaichora kwa msumari. Kesho yake mheshimiwa, ambaye hakuwahi kushika hata kokoto pale, alinipigia makofi. Nilivimba kwa fahari. Nyanya alinitazama, akaenda kupakua chakula cha wageni. Hakuwahi kulitaja jambo hilo hadi alipofariki. Heri angenichapa.

Basi siku ile ya mwezi uliopita nilimweleza yule mwalimu wa mtoni yote haya, sauti ikinipanda mbele ya watoto. Alinisikiliza, kisha akauliza kwa upole, "Sasa ndugu yangu, kwenye mtihani waandike nani? Una majina?"

Sikuwa nayo. Kwangu wote walikuwa nyanya, au mama wa fulani. Nimekasirikia serikali, chifu na vitabu vya shule miaka yote hii, na sikuwahi kuuliza hata jina moja.

Nilikwenda kwa jirani yetu tunayemwita Susu, yaani nyanya, wa mwisho aliyebaki katika kikundi kile. Nilimkuta akipukuchua mbaazi.

"Majina ya nini, mjukuu wangu? Maji si mnakunywa?"

"Nataka yaandikwe, Susu."

Alicheka, lakini aliweka ungo chini. Alianza vizuri, mimi nikiandika mbio, kisha akakwama. Akageuza mabega, akanyoosha mikono upande wa kilima kama anayepokea kitu kizito, akakipitisha upande wa mto. Jina likamjia. Akapokea tena, akapitisha, jingine likaja. Mara mikono ikasimama hewani.

"Huyu aliyenipa mimi," alisema. "Mkono wake ulikuwa na kovu hapa kwenye kidole gumba. Alikuwa hodari, huyu. Alikuwa nani?"

Aliendelea kuishikilia mikono vile vile, akisubiri, na mimi nikaandika "kovu kwenye kidole gumba", nikaiacha wazi nafasi ya jina.